Salamu Ambazo Nurdine Hakuzituma

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja na kuteka maji, Dalila alikwenda nyuma ya shule ya kijiji chao cha Mbau, kaskazini mwa Msumbiji, akiwa na simu ya bibi yake mkononi. Hapo ndipo mtandao ulipofika, siku ulipotaka kufika. Alipanda juu ya msingi wa nyumba ambayo haikumalizwa kujengwa, akainua simu juu ya kichwa, akangoja. Kama mama yake ametuma ujumbe wa sauti, ungeingia. Kama mtandao haupo, kiduara kidogo kwenye kioo cha simu kilizunguka na kuzunguka mpaka mkono ukachoka, akarudi nyumbani.

Mama yake, Wahida, alikuwa Afungi. Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa chini ya bahari upande wa Palma, na wageni wakaja kujenga kambi na kuizungushia uzio. Kambi ilihitaji watu wa kupika, kuosha, kulinda na kubeba. Watu wengi wa Mbau walikwenda. Wahida aliosha masinia jikoni, na alilala humohumo kambini. Baba yake Dalila alikuwa amehamia Mtwara zamani, ana watoto wengine huko.

Nyumbani walibaki wawili, Dalila na bibi Cadija. Bibi alikuwa mpole, lakini masikio yake yalikuwa mazito. Ukitaka kuzungumza naye ilibidi usogee karibu na upaze sauti, na Dalila, akitoka shuleni amechoka, mara nyingi alinyamaza tu. Walikula kimya. Bibi alimsogezea kipande kikubwa cha samaki bila kusema neno. Dalila alikiona kipande kile, na alijua maana yake. Hata hivyo alitamani kusikia mtu akimwita jina lake.

Watu wa Mbau walikuwa na kundi lao kwenye simu. Waliokuwa Afungi walituma sauti humo, na waliobaki nyumbani walijibu. Lakini kundi lile lilikuwa la kubahatisha. Mara mnara umeishiwa mafuta, mara mnara unawaka lakini sauti hazifunguki. Zilipofunguka ziliingia zote kwa pamoja, za zamani na mpya zimechanganyika, na nyingine hazikufika kabisa. Safari moja Dalila alimsikia mama yake akiuliza kama homa imepungua. Homa yenyewe alikuwa amekwisha kuisahau. Alikuwa ameugua peke yake na kupona peke yake, na sasa swali nalo limefika peke yake.

Hakuwa yeye tu aliyekuwa akienda nyuma ya shule. Profesora Leonor, mwalimu wake, alikuwa akisimama upande wa pili wa msingi uleule, naye ameinua simu. Serikali ilimleta kutoka Inhambane, mbali sana kusini, na watoto wake walibaki kule kwa bibi yao. Mwalimu na mwanafunzi walisalimiana, kisha kila mmoja akageukia upande wake ili asimwone mwenzake akisubiri.

Siku moja Dalila alikuwa sokoni wakati Zacarias anapakia lori lake. Zacarias alikuwa dereva, mtu wa upande wa Mueda, mwenye sauti nzito na mikono mipole. Alibeba korosho, akapitia Awasse kuchukua makopa ya muhogo, akaenda mpaka Palma, na njiani alipita karibu na lango la kambi ya Afungi. Mwanamke mmoja alimpa sahani ya mkate wa kumimina, ampelekee mumewe. Zacarias aliifunga vizuri kwa kitambaa, akaiweka kwenye kiti cha mbele kana kwamba ni abiria. Aliporudi Mbau aliileta sahani ileile, imeoshwa.

Dalila aliitazama sahani ile. Mtandao ulikuwa haupo tangu Ijumaa, lakini sahani imekwenda na imerudi.

Alimweleza profesora Leonor alichofikiri, naye hakumcheka. Alitoa memori kadi kwenye simu yake mwenyewe, akamwonyesha jinsi ya kurekodi sauti na kuihifadhi humo. Bibi Cadija alitoa kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana, ili kadi isilowe. Zacarias alikubali kubeba kopo bila kutaka chochote, ila alionya kwamba siku ya matope asilaumiwe. Nje ya lango la Afungi palikuwa na mwanamke aitwaye Dulce, aliyeuza chai na mkate kwa wafanyakazi. Zacarias alimwomba awe mpokeaji, na Dulce akasema simu yake ni ya zamani lakini inapiga sauti kubwa. Wafanyakazi wakitoka kupumzika wangekaa mezani kwake, wasikilize sauti za nyumbani, warekodi majibu. Kopo lingerudi na lori.

Kopo la kwanza liliporudi, watu walikaa kwenye baraza ya bibi Cadija mpaka wakajaa. Dalila aliweka kadi kwenye simu, na sauti zikatoka moja baada ya nyingine. Mwanamke wa ile sahani alimsikia mumewe akisema mkate ulikuwa mtamu ila sukari ilizidi, na watu wote wakamcheka. Kisha ikaja sauti ya Wahida. Alimwita Dalila jina lake mara mbili. Dalila alijifanya anasafisha kioo cha simu.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa kimya tena. Watoto waliokuwa wakimpita njiani sasa walimwita. Bachir, mkorofi wa darasa lao, alimuuliza kila siku kama kopo lake limeshajifunza kuongea Kireno. Na mtu wa kwanza kufika barazani alikuwa mjomba Buanali, fundi baiskeli. Alikuwa mjane, mwenye mtoto mmoja tu, Nurdine, aliyekuwa akibeba saruji Afungi. Buanali alimwita Dalila "diretora", yaani mkurugenzi kwa Kireno, akamwamkia kwa kupiga saluti huku mikono yake imejaa grisi.

"Diretora," alisema, "simu za watu zimekufa, kopo lako linatembea. Wazungu wa gesi wakijua watakuja kulichimba."

Siku moja kopo lilirudi bila sauti ya Nurdine. Dalila alizipiga zote, na kadi ikafika mwisho. Buanali alibaki ameinamisha kichwa, anangoja. Watu wakamwangalia.

Huku kwetu mtu akitoka safari haachi kutoa salamu. Hata kama hakuonana na fulani, husema wanakusalimu wote, hawajambo. Ni adabu. Kumwambia mzee kwamba mwanawe hakumkumbuka ni kumvunjia heshima mbele ya watu. Dalila aliyasikia maneno hayo tangu utoto wake, na siku ile yalimtoka mdomoni kabla hajayafikiri.

"Nurdine anakusalimu, mjomba. Hajambo," alisema. "Sauti yake haikuingia vizuri tu."

Buanali aliinua kichwa, akatabasamu. Dalila aliona jinsi uso wake ulivyofunguka, akajiambia kwamba amefanya jambo jema. Tena, aliogopa. Kama kopo litaanza kuwarudisha watu mikono mitupu, wataacha kuja, na baraza itabaki yeye na bibi.

Safari iliyofuata Nurdine hakuwemo tena. Safari hii Buanali alikuja na mkoba begani. Aliwaeleza watu kwamba moyo wake hautulii. Kijana hanyamazi hivi, alisema, na Zacarias amempa nafasi kwenye lori, basi atakwenda mwenyewe kumwona. Zacarias alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Watu walikuwa wengi siku hiyo, na wote walimgeukia Dalila.

"Hajambo, mjomba," alisema. "Anakusalimu sana. Amesema kazi zimekuwa nyingi, atatuma sauti kopo lijalo."

Buanali alishusha mkoba. Alisema kama ni hivyo basi, kuna baiskeli za watu zinamngoja, hakuna haja ya kwenda kumsumbua kijana kazini. Alipiga saluti yake, akaondoka anapiga mluzi. Lori likaenda bila yeye.

Usiku ule Dalila hakula vizuri. Bibi alimgusa paji la uso kuona kama lina moto. Halikuwa na moto.

Lori lilipokuja tena, Dalila alichukua kopo akaenda nalo nyuma ya nyumba, azisikilize sauti peke yake kwanza. Alikuwa akitafuta sauti ya Nurdine. Alimpata mama yake, akawapata wengine, na mwisho kabisa akaisikia sauti ya mwanamke ambaye hakuwahi kusema kwenye kadi ile.

"Mimi ni Dulce wa chai. Namuulizia Nurdine wa Mbau. Haji mezani kwangu siku nyingi sasa. Wenzake wanasema alitoka kambini na homa, amelala kwenye chumba cha kupanga huko Palma. Je, kwao wanajua?"

Dalila aliketi chini. Kutoka barazani alisikia watu wakicheka, na Buanali akiwaigiza jinsi diretora anavyofungua kopo. Angeweza kuifuta sauti ile. Alijua jinsi ya kufuta, profesora alimfundisha. Angeweza kusema kadi imelowa, na kila mtu angeamini, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha njia nzima.

Alifikiri juu ya chumba cha kupanga. Alifikiri jinsi yeye mwenyewe alivyougua, na swali la mama likaja baada ya homa kuisha. Akainuka, akaenda barazani, akaiweka kadi kwenye simu, na ya kwanza kupigwa ikawa ile sauti ya Dulce.

Buanali alimtazama kana kwamba hakumfahamu.

"Lakini Dalila," alisema taratibu, "si wewe uliyenipa salamu zake?"

"Hakuzituma, mjomba. Nilizitunga mimi."

"Zote?"

"Zote."

Hakumfokea. Ingekuwa afadhali angemfokea. Alitembea mpaka kwenye lori bila mkoba na bila kunawa grisi, akamwambia Zacarias waende. Zacarias alikuwa hajamaliza kushusha mzigo. Aliufunga uliobaki, akageuza gari palepale.

Watu nao walianza kuondoka. Yule mwanamke wa mkate wa kumimina alisimama mbele ya Dalila, akamuuliza kama na maneno ya mumewe aliyatunga yeye. Dalila alimjibu kwamba ile ilikuwa sauti ya mumewe mwenyewe, aliyoisikia barazani kwa masikio yake. Mwanamke alisema hajui tena alisikia nini, akaenda zake. Baraza ikabaki tupu, na simu juu ya mkeka, na sauti za wengine ndani yake hazijapigwa.

Bibi Cadija alitoka ndani, akauliza watu wamekwenda wapi. Dalila alimwambia kwa sauti ndogo. Bibi hakusikia. Ikabidi asogee kwenye sikio lake na kupaza sauti. Alisema kwamba alidanganya, kwamba Nurdine ni mgonjwa na baba yake hakwenda kwa sababu ya uongo huo. Majirani walisikia kila neno kupitia ua. Alipomaliza alikuwa analia.

Bibi alimpa ncha ya kanga yake ajifute. Hakusema si kitu. Alisema tu kwamba kesho wataamkia kwa Buanali, kwa kuwa kuku wake hawana mtu.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Dalila alifagia uwanja wa Buanali, akawapa kuku wake maji, akazifunika baiskeli za watu mvua ilipokuja. Shuleni Bachir hakumtania, na hilo lilimuuma kuliko utani. Nyuma ya shule kiduara kilizunguka vilevile. Asubuhi moja profesora Leonor alivuka msingi, akaja kusimama upande wake. Walingoja pamoja mpaka kengele ikagongwa.

Hatimaye lori lilifika, na Buanali akateremka. Kisha akamshika mkono mtu mwembamba, amejifunika blanketi, akamteremsha polepole. Alikuwa Nurdine. Macho yake yalikuwa ya manjano na miguu haina nguvu, lakini alitembea. Hospitali walikuwa wamempa dawa, na homa ilikuwa imekatika.

Dalila alikuwa uwanjani kwa Buanali na ufagio mkononi. Hakujua kama akimbie au abaki. Akabaki. Alimwomba Buanali msamaha, kisha akamwomba Nurdine.

Nurdine aliketi kwenye kigoda kabla ya kusema. Alieleza kwamba alipokuwa amelala kule alihesabu kila lori lililopita barabarani. Alijua kopo linakwenda na kurudi. Alidhani baba yake ameona hamna sauti yake, na hakujali.

Buanali aliutazama uwanja uliofagiliwa, na kuku, na baiskeli zilizofunikwa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, na hakumwita diretora. "Simu ikikosa mtandao, inaniambia haina mtandao. Hapo najua kwamba sijui, na mtu asiyejua anauliza. Kopo lako liliniambia kwamba najua, na mimi sikujua kitu. Nilikuwa nimeshika mkoba, Dalila. Ukaushusha begani kwangu."

Dalila alisema atalitupa kopo. Alisema kwa dhati.

Nurdine ndiye aliyekataa. Alisema kopo halikudanganya mtu. Kule kambini kuna watu ambao kopo lile ndilo nyumba yao, na mama yake Dalila ni mmoja wao. Asilitupe, alitengeneze.

Basi walilitengeneza, jioni ile na siku zilizofuata, pamoja na profesora Leonor. Kabla kadi haijaondoka, profesora alizibakiza sauti zote kwenye simu yake, ili kadi ikilowa au kupotea zitumwe tena. Kila aliyepokea sauti angejibu kwanza kwamba ameisikia, ndipo aseme mengine. Na kama mtu hana sauti, Dalila atatamka mbele ya wote kwamba fulani hana sauti leo, bila kuongeza neno. Kisha Zacarias atamwambia Dulce, na Dulce atamtafuta mtu huyo mpaka ajue yuko wapi. Dulce alipoulizwa kama hiyo si kazi kubwa, alijibu kwamba yeye huwa anawatafuta hata asipoulizwa.

Kopo la kwanza baada ya hapo lilikuta watu wachache barazani. Yule mwanamke wa mkate alikuja, akakaa pembeni kabisa, tayari kuondoka. Mumewe aliposema ameisikia sauti yake, na kwamba sukari ya safari ile ilikuwa sawasawa, alisogea katikati kidogo.

Makopo yaliendelea, na watu walirudi mmoja mmoja. Mara kadhaa Dalila alitamka kwamba fulani hana sauti. Lakini Dulce aliwapata. Mmoja alikuwa amehamishiwa kazi nyingine, mwingine alikuwa amelala tu kwa uchovu.

Kisha ikaja siku ambayo kadi ilifika mwisho na Wahida hakuwemo.

Dalila aliirudisha kadi mwanzo, akaipiga tena yote. Watu walimwachia, hakuna aliyemharakisha. Mwisho ukafika tena. Alitamani mtu yeyote pale amwambie kwamba mama anamsalimu, hajambo. Neno hilo dogo tu. Alilitamani kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji.

"Mama yangu, Wahida," alisema, "hana sauti leo."

Hakuna aliyemwambia hajambo. Zacarias aliuliza Wahida anafanya kazi jiko lipi, akasema hatapita Awasse kesho, atakwenda moja kwa moja. Buanali, aliyekuwa akija na kukaa kwenye ngazi ya chini, hakuondoka wenzake walipoondoka. Nurdine naye alibaki. Bachir alileta maji kutoka kisimani bila kuagizwa, akayaweka mlangoni, akasema kopo lisinywe yote.

Bibi Cadija aliuliza kuna nini. Dalila akasogea kwenye sikio lake, akapaza sauti. Bibi alimshika mkono. Kisha akasema, polepole kama kawaida yake:

"Ningeweza kukudanganya sasa hivi, mjukuu wangu, ulale vizuri. Lakini salamu ni amana. Ni ya aliyeituma, na kama hakuituma, sina cha kukupa. Ukweli utakukosesha usingizi leo. Ndio huohuo uliomfanya Zacarias abadilishe njia."

Usiku ule walilala kwenye mkeka mmoja.

Lori liliporudi, Dalila hakungoja barazani. Alilifuata mpaka njiani, na Zacarias akasimama na kumpa kopo kupitia dirishani. Alikuwa anacheka, basi Dalila akajua kabla hajafungua. Hata hivyo alikwenda nalo nyumbani, akaweka kadi kwenye simu mbele ya bibi, mbele ya Buanali na wengine, akaiweka simu karibu kabisa na sikio la bibi.

Wahida alisema amewasikia. Alisema wamemhamishia zamu ya usiku, na mchana wakati wa chai alikuwa amelala, hakupata nafasi ya kutoka langoni. Alimwita Dalila jina lake.

"Jana alfajiri nilipotoka zamu," alisema, "mlinzi akaniita langoni, nikamkuta Dulce amesimama kwenye baridi, hana chai, hana mkate, ananiulizia mimi tu. Hapo nikajua kwamba nimenyamaza, na huko nyumbani mmeusikia ukimya wangu."